MAMBO YA NYUMBANI: Ghala Kubwa, Shamba Dogo

Mama mmoja mkazi wa Mbagala, Dar es Salaam, ametuandikia juu ya jambo lililozua ubishi nyumbani kwake. Kwa kuwa tunaamini ubishi huo umo katika nyumba nyingi za wafanyakazi mijini, tumeona juma hili tulijibu hadharani, bila ya kulitaja jina lake.

Juu ya bati la nyumba yao zimo paneli 2 za umeme wa jua, kila moja ya wati 200. Baba watoto alizifunga wakati wa mgawo wa umeme wa mwaka 2023, pamoja na inveta, kontrola na betri 1 ya maji ya AH 100. Tangu hapo taa, televisheni na feni hutumia sola kila usiku ili kuokoa uniti za LUKU. Jokofu limebaki upande wa TANESCO. Mwaka wa kwanza betri ile ilifika saa 5 usiku bila ya shida. Siku hizi ikigonga saa 2 inveta inalia, na umeme wa TANESCO ukiwa umekatika basi nyumba nzima ni giza, na kijana wao wa kidato cha 4 anasoma kwa tochi ya simu. Baba sasa anataka kuchukua mkopo katika SACCOS ya kazini anunue betri 2 za AH 200 aziunge na ile ya zamani. Mama hataki. Anasema deni litakatwa katika mshahara kwa miezi 18, naye hajui kama giza litaondoka.

Jibu letu kwa ufupi ni kwamba mkopo huo usitiwe saini kwanza. Si kwa sababu betri ni kitu kibaya, bali kwa sababu betri mbili hizo zitakufa njaa.

Ndugu msomaji, wengi wetu tunazungumza juu ya betri kana kwamba ni mashine ya kuzalisha umeme. Betri haizalishi kitu. Ni ghala. Kinachoingia mchana ndicho kinachotoka usiku, tena kinatoka kikiwa kimepungua, kwa sababu betri ya maji hupoteza kama sehemu 1 kati ya 5 ya kile ilichopewa. Mkulima mwenye shamba la robo eka hatajirika kwa kujenga ghala la ekari kumi. Basi kabla ya kupima ghala, hapana budi tulipime shamba.

Paneli 2 za wati 200 ni wati 400. Hizo ni wati za kwenye karatasi, zilizopimwa katika jua kali na ubaridi ambao bati la Mbagala halina. Joto, vumbi, nyaya na pembe ya paa hula kama robo yake. Kwa Dar es Salaam, siku ya kawaida huwa na jua linalolingana na saa 4 na nusu za jua kamili, ingawa kunapambazuka saa 12 na kunakuchwa saa 12. Kwa hiyo chukua wati 400, zidisha kwa saa 4.5, halafu toa robo: unapata wati-saa 1,350, yaani uniti 1 na theluthi kwa siku. Wakati wa masika, mawingu yanapotanda siku tatu mfululizo, usitegemee hata nusu ya hizo.

Katika hizo 1,350, mchana wenyewe una walaji wake: redio, simu, feni ya bibi anayebaki nyumbani, televisheni ya watoto wakitoka shule. Tuseme zinakwenda 450. Zinazobaki kuingia katika betri ni 900, na zitakazotoka usiku, baada ya hasara niliyoitaja, ni 720 hivi. Hilo ndilo shamba la nyumba hii. Betri 2 za AH 200 zinabeba wati-saa 4,800. Zikitumika nusu tu, kama inavyopasa, zinahitaji kurudishiwa wati-saa 3,000 kila siku ili zijae, nazo zitaletewa 900. Hazitajaa kamwe. Betri ya risasi isiyojaa kwa majuma mengi huota ukoko mgumu mweupe juu ya bamba zake, na ukoko ule ukishakomaa hautoki. Mteja hurudi dukani akilalamika kwamba kauziwa betri mbovu, kumbe betri ilikuwa nzima na paneli zilikuwa chache.

Sasa tuupime usiku. Taa 5 za wati 9 kwa saa 5 ni wati-saa 225. Televisheni ya wati 50 kwa saa 4 ni 200. Simu 4 ni kama 60. Feni 1 ya wati 60 kwa saa 3 ni 180. Jumla ni 665, na inveta yenyewe nayo hudai ushuru wake, sehemu 1 kati ya 10 au zaidi. Kwa maneno mengine, paneli zilizopo zinaweza kuulisha usiku huu wa kiasi kwa shida shida. Lakini ukitaka feni 2 zizunguke mpaka alfajiri, saa 8, hizo peke yake ni wati-saa 960, na hesabu yote imevunjika. Pasi, birika la umeme na jiko la umeme tusivitaje hata kidogo. Pasi ya wati 1,000 ikifanya kazi nusu saa imekula chakula cha usiku cha nyumba nzima.

Hesabu hii inafanyika nyuma ya bahasha kwa dakika kumi, na inashangaza kuona watu wanakopa mamia ya maelfu bila ya kuifanya. Wati za kila chombo zimeandikwa mgongoni mwake. Saa za matumizi anazijua mama mwenye nyumba kuliko fundi yeyote, na kwa sababu hiyo ni vema karatasi hiyo aiandike yeye.

Swali linalofuata ni kwa nini betri ya kwanza ilichoka mapema hivyo. Tumeisoma barua mara mbili, na jibu limo humo humo: ilikuwa ikitumika kila usiku mpaka inveta ilie. Watu wengi huamini kwamba king'ora cha inveta ni mlinzi wa betri. Sivyo. Inveta nyingi hujizima volti zinapoteremka karibu na 10.5, na hapo betri ya risasi imekwisha kunywewa hadi sakafuni. Betri ya maji iliyojaa, ikipumzishwa saa mbili bila ya kuchajiwa wala kutumiwa, husoma volti 12.7 hivi. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na nusu ndiyo mstari wa mwisho kwa mtu anayetaka idumu. Mita ndogo ya kupimia volti huuzwa katika maduka ya vifaa vya umeme kwa bei isiyomshinda mfanyakazi, nayo ni mlinzi mwaminifu kuliko king'ora.

Joto letu nalo lina sehemu yake. Muda wa maisha ya betri ya risasi hupimwa kiwandani katika nyuzi 25 za Selsiasi, na kila nyuzi 10 zinapozidi hapo, umri wake hupungua kwa karibu nusu. Betri inayokaa katika kibanda cha bati kinachopigwa na jua la alasiri inapikwa taratibu.

Lakini tuje kwenye fedha, maana ndiko ugomvi ulikoanzia. Nyumba hii iliitumia betri kila usiku ili kuokoa uniti za LUKU. Je, iliokoa kweli? Betri ya maji ya AH 100, ikitumika nusu, hutoa kiasi cha uniti 0.6 kwa usiku. Kwa mazingira yetu, ikitunzwa, tuihesabie usiku 500. Hizo ni uniti 300 katika maisha yake yote. Tuseme, kwa mfano tu, ilinunuliwa kwa shilingi 300,000: basi kila uniti iliyopita ndani yake imegharimu shilingi 1,000, mbali na paneli na inveta. Kwa viwango vilivyopangwa mwaka 2016, mtumiaji mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi alipangiwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Msomaji aweke bei aliyouziwa yeye na kiwango kilichomo katika risiti yake ya LUKU, agawanye mwenyewe. Aghalabu atakuta kwamba alikuwa akiokoa shilingi 60 kwa usiku huku akichakaza mali ya laki tatu. Na usiku wa giza ulipokuja, ambao ndio hasa aliunulia betri, akaikuta imechoka.

Hapa ndipo ilipo hukumu yetu juu ya jambo hili, na hatuoni haya kuitamka waziwazi: katika nyumba ya mjini yenye LUKU, betri si chombo cha kuokoa fedha, ni chombo cha kujikinga na giza. Kilicho cha bure ni umeme wa mchana, ule unaotumika papo hapo paneli zinapouzalisha. Huo ndio wa kuutumia kwa wingi. Kama inveta ina nguvu za kutosha kuliwasha jokofu, basi jokofu lihamie upande wa sola kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, mara betri inapokaribia kujaa. Nguo zifuliwe na simu zichajiwe mchana. Na jioni nyumba irudi LUKU, betri ikiwa imeshiba na inangoja.

Tukumbuke pia kwamba giza la sasa si la namna ile ya mwaka 2023. Mgawo ule ulipungua baada ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji kuanza kuzalisha mwezi Februari 2024, katika mradi wenye mitambo 9 na uwezo wa megawati 2,115. Kinachozima nyumba baada ya hapo mara nyingi ni nguzo iliyoanguka, transfoma iliyoungua au mvua ya radi, mambo ya saa chache. Kinga ya saa chache haihitaji ghala la siku mbili.

Kwa hiyo kwa nyumba ya Mbagala tunaziona njia mbili. Ikiwa watakubali kuitunza betri kwa ajili ya siku ya kukatika umeme tu, betri 1 mpya ya AH 100, iliyojazwa kila siku na kuguswa mara chache, itawatosha kwa taa, simu na televisheni, na inaweza kudumu miaka kadhaa. Hapo mkopo hauhitajiki. Akiba ya miezi michache inatosha. Ikiwa baba anashikilia kwamba sola itumike kila usiku, basi achukue betri ya litiamu ya AH 100, na fedha zinazobaki aongeze paneli 2 juu ya bati, baada ya fundi kuhakikisha kwamba kontrola inaweza kuzibeba. Kontrola ya ampea 40 inayozitosha wati 400 katika mfumo wa volti 12 haizitoshi wati 800.

Kwa nini litiamu? Betri ya risasi ni ya zamani sana; Mfaransa Gaston Planté aliitengeneza mwaka 1859, na kanuni yake haijabadilika. Ni nzito, haipendi kuteremshwa chini ya nusu, nayo huchoka baada ya mamia ya siku. Litiamu ni mtoto wa juzi. Waliofungua njia yake, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Aina inayofaa nyumbani ni ile ya litiamu, chuma na fosfeti, iliyotoka katika maabara ya Goodenough huko Texas, Marekani, katika miaka ya 1990. Hiyo huvumilia kutumika sehemu 8 hadi 9 kati ya 10, na iliyo bora hufikisha siku 3,000 na kuendelea. Ya AH 100 hutoa karibu uniti 1 kila usiku, yaani uniti 3,000 katika maisha yake. Bei yake dukani inatisha. Igawanye kwa uniti 3,000 kama tulivyofanya kwa ile nyingine, utaona ni ipi iliyo ghali.

Kuunga betri mpya na ya zamani, kama baba watoto anavyotaka, ni kosa ambalo mafundi wa mitaani bado wanalifanya kwa moyo mkunjufu. Betri iliyochoka huinyonya mpya usiku na mchana, na baada ya miezi michache zote mbili zinalingana kwa ubovu. Betri zinazofungwa pamoja ziwe za aina moja, ukubwa mmoja na umri mmoja. Litiamu na risasi zisiunganishwe hata siku moja, na fundi anapobadilisha risasi kwa litiamu abadilishe pia mpangilio wa chaji katika kontrola na inveta, maana betri hizi hazili chakula cha namna moja.

Dukani uende na mzani, au angalau na mikono yako miwili. Betri ya risasi ya AH 100 iliyo halali huwa na uzito wa kilo 28 hadi 30 hivi. Ukiinyanyua kama ndoo nusu ya maji, basi maandishi yaliyo ubavuni mwake yanasema uongo. Litiamu ya kiasi hicho huwa kama kilo 10 hadi 13. Tazama tarehe ya kutengenezwa. Betri ya risasi iliyokaa rafuni mwaka mzima bila ya kuchajiwa imeanza kuzeeka kabla hujailipia. Betri ya gari nayo ni ya kuwashia injini, bamba zake ni nyembamba, na kazi ya kuwasha taa usiku kucha itaiua upesi.

Wako wasomaji wengine waliofungiwa paneli zisizo na betri kabisa, zilizounganishwa moja kwa moja na umeme wa TANESCO. Hao hushangaa kwamba umeme ukikatika adhuhuri, jua likiwa utosini, nyumba yao nayo inazima. Si ubovu. Inveta za namna hiyo hutengenezwa zijizime gridi inapozima, ili umeme wa paa lako usirudi katika nyaya ukamuua fundi aliye juu ya nguzo. Kuongeza betri hapo kunahitaji inveta nyingine, yenye uwezo wa kuitenga nyumba na nguzo, na kazi hiyo aifanye fundi mwenye leseni, si jirani mwenye koleo.

Mahali pa kuiweka betri ni jambo ambalo akina mama wanapaswa kuwa na kauli ya mwisho. Betri ya maji inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo cheche ndogo huilipua. Isiwekwe chini ya kitanda, wala chumba cha watoto, wala karibu na jiko la gesi au la mkaa. Ipate mahali penye hewa, kivuli na mlango unaofungwa. Ndani yake mna tindikali. Ikimrukia mtoto machoni, aoshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa robo saa nzima, kisha akimbizwe hospitali. Maji yake yakipungua huongezwa maji safi ya betri yasiyo na chumvi, si ya bomba, wala si ile chupa nyingine ya tindikali ambayo baadhi ya wauzaji nao huiita maji ya betri. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Wati 1,000 katika volti 12 ni zaidi ya ampea 80, kiasi cha kuufanya waya mwembamba uwe mwekundu na kuiunguza nyumba watu wakiwa wamelala.

Limebaki suala la betri iliyokufa, nalo wengi hulipuuza. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri chakavu kuanzia mwaka 2007 kiliwatilia wakazi sumu ya risasi katika hewa, udongo na maji. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mtoto wake mwenyewe aliugua kwa sumu hiyo, aliongoza mapambano yaliyomletea Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwezi Julai 2020 mahakama mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mahakama ya Rufani ikaitengua amri hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha mwezi Desemba 2024. Sumu ya risasi huingia katika ubongo wa mtoto na haurudi kuwa kama ulivyokuwa.

Kwa hiyo betri ya zamani isipasuliwe uani ili kuchukua risasi ya kutengenezea vizamisho vya nyavu, wala tindikali yake isimwagwe mtaroni. Isafirishwe ikiwa nzima, imesimama wima, vizibo vyake vimekazwa, apewe muuzaji anayezikusanya kwa ajili ya kiwanda chenye kibali. Maduka mengi ya betri huipokea na kupunguza bei ya mpya, na mnunuzi akiuliza kabla ya kulipa ndipo hupunguziwa vizuri zaidi.